Programu gani ya kuuzia vitenge? Jibu letu kutoka Nyakiyumbu

Sisi ni wanawake saba tunaoshona na kuuza vitenge hapa Nyakiyumbu, karibu na Bwera, wilaya ya Kasese. Wanne ni wenyeji, Wakonzo wa hapa hapa. Watatu tulivuka mto Lubiriha tukitoka upande wa Beni, na kadi zetu za ukimbizi zinasema Rwamwanja. Kwa lugha hatuna shida, Kikonzo na Kinande ni ndugu. Tukigombana tunagombana vizuri.

Kila tukienda Rwamwanja kuona jamaa, akina mama wanatuuliza swali lile lile: "Nyinyi mnauza kwa simu mpaka Kampala, mnatumia programu gani?" Wanauliza kama mtu anayeuliza jina la dawa, akimeze apone. Tuliahidi kwamba tutaandika kwenye gazeti hili la familia. Basi leo tunaandika, na tunaanza na aibu yetu, maana ndiyo iliyotufundisha.

Mwaka 2017 tulikuwa tunategemea soko la Mpondwe, Jumanne na Ijumaa. Siku nyingine cherehani zinalala. Mmoja wetu akapiga picha ya gauni la kitenge (kikwembe, kama tunavyosema ng'ambo), akaituma kwa WhatsApp kwa dada yake Kampala. Siku ya tatu tukapata oda nne. Tukasema, kumbe soko liko kila siku!

Lakini simu kubwa hatukuwa nayo, na sisi watatu wa ng'ambo hatukuwa na karatasi ya kusajilia laini. Wenyeji nao, mmoja kitambulisho kilikuwa hakijatoka, mwingine mume alikitunza. Mtoto wa shemeji ya mmoja wetu akatuonea huruma, akatusajilia laini kwa jina lake. Kijana mwenye adabu, tulimpa soda na mia tano ya boda. Kwenye laini ile tukaweka kila kitu: WhatsApp, pesa za simu, namba za wateja wote. Zaidi ya mwaka mzima ilienda vizuri tu.

Halafu kijana akakosana na baba yake kwa ajili ya kiwanja, akaondoka. Huko alikokwenda akaingia dukani akasema laini yake imepotea, akapewa mpya yenye namba ile ile. Kwa sheria alikuwa na haki, jina ni lake. Jioni ile simu yetu ikaandika kwamba hakuna mtandao. Tulidhani ni mvua. Ndani yake mlikuwa na shilingi 640,000, na katika hizo 210,000 zilikuwa malipo ya kwanza ya familia moja ya Kasese iliyokuwa inaoza binti, magauni 12. Kibaya zaidi, wateja waliendelea kuandika kwa namba ile, naye akawa anawajibu. Wengine walimtumia pesa.

Magauni 12 tulishona. Mmoja wetu aliuza mbuzi wawili, mwingine cherehani yake ya mkono, na kwa miezi mitatu hatukugawana hata shilingi. Mwenzetu wa nane alituacha wakati huo, akasema biashara ya hewani ni ya wendawazimu. Hatumlaumu.

Usiku mmoja tukiwa tumekaa na lile sanduku la akiba, mama mkubwa wetu akalipiga kofi akasema: "Hili lina kufuli tatu na funguo kwa watu watatu. Simu tuliiwekea kufuli ngapi?" Wote tukanyamaza. Ninyi mlio kwenye vikundi vya akiba mnalijua sanduku hilo. Shilingi 20,000 tunazifungia kufuli tatu, halafu mamia ya maelfu tunayaweka kwenye jina la mtoto wa shemeji.

Tangu siku hiyo tukiletewa programu yoyote, hatuulizi kwanza inafanya nini. Tunauliza imesajiliwa kwa jina la nani, nani anaweza kuifunga sisi tukiwa tumelala, na simu ikianguka chooni tunabaki na nini.

Neema ilikuja mwaka 2019, pale Tume ya Mawasiliano ya Uganda iliporuhusu mkimbizi asajili laini kwa kadi yake ya ukimbizi au kwa ile karatasi ya uthibitisho ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Mmoja wetu alikwenda na kadi yake, akatoka na laini yenye jina lake mwenyewe. Tuliiangalia kana kwamba ni mtoto mchanga. Kama wewe bado unatumia laini ya jirani na kadi unayo, acha kusoma, nenda kasajili, gazeti utalikuta.

Sasa programu. Wa kwanza kutujia alikuwa kijana mmoja aliyesoma kompyuta, akataka kututengenezea tovuti. Picha zake zilikuwa nzuri kweli. Malipo ni kwa mwaka, kwa dola, kwa kadi ya benki. Nani kati yetu ana kadi ya benki? Akasema hakuna shida, nitalipa kwa kadi yangu, jina la tovuti litakuwa kwangu, nanyi mtanirudishia. Tukatazamana. Mtoto wa shemeji amerudi, safari hii amevaa tai! Tukamshukuru, tukamnywesha chai.

Ya pili ilikuwa programu ya hesabu, ya kupakua kwenye simu. Ilikuwa ya Kiingereza kitupu, kwa hiyo aliyeweza kuandika alikuwa mmoja tu, na wengine tulibaki kumwamini. Kumbukumbu zote zilikaa ndani ya simu ile ile. Simu ikatumbukia kwenye pipa la maji. Bahati yetu, mama mkubwa alikuwa hajaacha daftari lake, kila jioni anaandika kwa kalamu huku anatucheka. Siku ile alicheka zaidi.

Majedwali ya Google tumeyashika mpaka leo, lakini kwa kazi moja: hesabu ya mwisho wa mwezi. Ni bure, na simu ikifa hesabu haifi, maana inakaa nje ya simu. Akaunti ni ya kikundi, namba ya kuirudishia ni ya laini yetu, na neno la siri limeandikwa kwenye karatasi, karatasi iko ndani ya sanduku la kufuli tatu. Binti wa mmoja wetu, yuko kidato cha tatu, ndiye aliyetupangia safu: tarehe, bidhaa, mteja, kilicholipwa, kinachodaiwa. Alitaka kuongeza rangi na michoro. Tulimzuia.

Ya kuuzia ni WhatsApp Business. Ilitoka Januari 2018, ni bure, na wateja hawahitaji kupakua kitu kipya, ile WhatsApp yao ya kawaida inatosha. Hilo lilitushawishi kuliko mengine yote, kwa sababu mama wa Kasese hatapakua programu mpya eti kwa ajili ya gauni letu. Inataka namba yake peke yake. Namba iliyo kwenye WhatsApp ya kawaida haiwezi kukaa pande zote mbili kwa wakati mmoja. Kuna katalogi, yaani unapanga picha za vitenge, bei na maelezo, mteja anafungua anachagua. Zamani tulikuwa tunatuma picha 30 kwa kila anayeuliza, bando linakwisha kabla ya saa sita. Kuna lebo za kubandika kwenye mazungumzo, na sisi tunazo tatu: ameagiza, amelipa, imetumwa. Kabla ya lebo tulishawahi kumtumia mtu mmoja gauni mara mbili, na mwenzake hakupata kitu.

Lakini kitu tunachokipenda kuliko vyote ni kuunganisha simu ya pili. Akaunti moja inaonekana kwenye simu mbili, kwa watu wawili tofauti. Ujumbe ukiingia, macho manne yanauona. Halafu tuliwasha ile namba ya siri ya tarakimu sita, kwamba hata mtu akiichukua namba yetu dukani, WhatsApp itamuuliza tarakimu hizo. Mwaka ule wa kijana tungekuwa nazo, wateja wetu wasingejibiwa na yeye. Dakika mbili tu za kuweka! Hatukujua.

Pesa tumezitenga. Za simu tunazipokea kwa laini yenye jina la mwenzetu, lakini simu yenyewe inalala kwa mwingine, na namba ya siri iko kichwani mwa mwenye jina. Mwenye simu hana namba, mwenye namba hana simu. Kila Ijumaa jioni tunatoa tunaweka sandukuni au tunanunua vitambaa. Ndiyo, kutoa kuna ada, na tangu mwishoni mwa 2018 kuna kodi ya 0.5% kwa pesa unayotoa. Tunailipa huku tunanung'unika. Na jamani, ujumbe unaosema "umepokea shilingi kadhaa" si pesa. Kuna wanaoandika ujumbe huo kwa mikono yao wenyewe, halafu wanapiga simu wakilia kwamba wamekosea, uwarudishie. Angalia salio kwanza: *165# kwa MTN, *185# kwa Airtel. Haihitaji intaneti, hata kitochi kinafanya.

Tusiseme kwamba WhatsApp haina kasoro. Ni kampuni ya mbali, wakiamua kuifunga akaunti yetu hatuna mlango wa kubisha. Uganda tumeona mengi pia. Julai 2018 ilikuja kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa mitandao ya kijamii, na Julai 2021 ikaondoka, ikaja 12% juu ya bando. Facebook nayo ilifungwa nchini Januari 2021 wakati wa uchaguzi, na intaneti yote ikazimwa siku kadhaa. Kwa sababu hiyo kila Jumapili baada ya ibada mmoja wetu ananakili kwenye daftari namba za wateja wapya na nani anadai nini. Intaneti ilipozimwa tulifungua daftari tukapiga simu za kawaida, tukasema gauni lako liko tayari, mama, litakuja na basi la usiku.

Machi 2020 mpaka ulipofungwa kwa ajili ya korona, soko la Mpondwe likanyamaza, mabasi yakasimama. Tulishona barakoa kwa mabaki ya vitenge, oda zikaingia kwa simu, boda zikapeleka, kwa sababu mizigo waliruhusiwa kubeba. Watoto walikula.

Kuna jambo la akina mama peke yetu. Ukiweka namba yako hadharani, usiku wa saa nne kuna mtu anauliza bei, na si bei ya kitenge. Kwa hiyo picha ya akaunti yetu ni cherehani, jina ni la kazi, na kuanzia saa moja jioni programu inajibu yenyewe: tumefunga, tutakujibu asubuhi. Wengi wanapoa hapo. Asiyepoa tunamzuia, na kwa kuwa simu ni mbili hakuna anayeweza kumsingizia mwenzake kwamba alikuwa anachati na wanaume.

Upande wa waume tulikuwa na mvutano. Mmoja alisema yeye ni kichwa cha nyumba, laini iwe kwa jina lake. Si mtu mbaya, watoto wake wanasoma. Tulizungumza jioni mbili, mama mkubwa akamweleza habari ya magauni 12 kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na mwisho laini ikabaki kwa mke. Sasa yeye ndiye anayepeleka mizigo kituo cha mabasi Bwera, na tunamlipa kwa kila mfuko. Wakati mwingine anakasirika bado. Mwenzetu mmoja anaona tungempa tu jina ili amani iwepo. Sita tumekataa, lakini tunamsikia.

Leo tunauza Kasese, Fort Portal, Kampala, na kwa jamaa waliopelekwa Marekani na Australia, ambao mizigo yao husubiri mtu anayesafiri. Hatujatajirika. Cherehani iliyouzwa tumeirudisha, mbuzi bado.

Ile namba ya zamani inaita mpaka leo. Mwezi uliopita mteja wa Fort Portal alituambia kwamba aliiandikia kwanza, maana ndiyo aliyokuwa nayo, na kijana akamjibu: si mimi tena, akina mama wako kwenye namba hii, akampa ya kwetu. Hatujui aliipata wapi. Tulikaa tukajiuliza tumpigie au tusimpigie. Mama mkubwa alifungua daftari la mwaka ule, akatuonyesha mstari wa 640,000, akalifunga.

Bado hatujampigia.