Kinundu cha Mbele

Risasi yangu ya kwanza maishani ililamba majani. Ya pili ikatimua vumbi hatua kama kumi chini ya ubao. Ya tatu mpaka leo hakuna anayejua ilikwenda wapi. Afande aliyekuwa amechuchumaa nyuma yangu akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Mtoto wa mjini, Mlima Hanang haujakukosea kitu. Uache." Kombania nzima ikacheka. Mimi nikabaki nimelala kifudifudi, shavu limebanwa kwenye kitako cha mti, nanusa baruti na kujiuliza hivi nilikuja Basotu kufanya nini.

Nilikuja kutafuta cheti, bwana. Ilikuwa mwaka 2009. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne Arusha na matokeo ambayo sitayataja hapa, maana nasikia gazeti hili linasomwa na watu waliofaulu. Kazi iliyokuwa inapatikana ni ulinzi, na kila kampuni niliyogonga mlango iliuliza swali lilelile: una cheti cha JKT au mgambo? JKT ya lazima ilikuwa imesimamishwa tangu 1994 (ilikuja kurudi 2013, mimi nimeshachelewa). Mama akapiga simu kwa kaka yake. Mjomba akajibu kwamba Basotu mafunzo ya mgambo yanaanza baada ya wiki mbili, kijana aje na viatu vigumu.

Basi nikapanda basi mpaka Babati, Babati mpaka Katesh, Katesh nikabanana kwenye pick-up na magunia. Njia nzima ngano. Ndiyo yale mashamba ya serikali yaliyoanzishwa kwa msaada wa Kanada, ambayo Wabarabaig walikwenda mahakamani miaka ya 1980 kudai ardhi ya malisho yao. Hiyo ni habari nyingine na ina wenyewe. Mimi nilichoona ni ngano inayoinama yote kwa pamoja kila upepo unaposhuka kutoka mlimani, halafu ghafla ziwa, viboko wanapumua ndani yake kama wazee waliopanda ngazi.

Miezi mitatu ya kwanza hatukugusa bunduki. Tuligusa fimbo. Kila kuruta alichonga ya kwake mfano wa bunduki, akaipiga kwata, akalala nayo, akaitolea heshima. Ukiiangusha, push-up 50. Washikaji wa mjini mtacheka, lakini baada ya wiki ya sita nilikuwa naamka usiku kupapasa kama fimbo yangu ipo.

Halafu zikaja SAR zenyewe. Huku kwetu tunaiita hivyo, mabaharia wa silaha duniani wanaiita SKS. Aliyeibuni ni Mrusi, Sergei Simonov, mwaka 1945, halafu Wachina wakaiunda kwao kuanzia 1956. Ina uzito unaokaribia kilo 4. Inabeba risasi 10, unazisukuma kutoka juu kwa bamba lake la chuma. Ukifyatua, gesi ya risasi iliyotoka inarudisha chuma nyuma, ganda tupu linaruka, risasi nyingine inapanda yenyewe. Wewe kazi yako kuvuta tena. Nusu ya kazi inajifanyia yenyewe, na hapo ndipo kuruta anapopotea. Anadhani kwa kuwa imejijaza, basi iko tayari. Anavuta wakati mtutu bado uko hewani.

"Inajijaza yenyewe, hailengi yenyewe," afande alikuwa akisema, huku akitugonga kofia mmoja mmoja.

Siku ile nilipokosa risasi zote tatu, afande alichukua bunduki yangu, akanigeuzia mgongo, akaifanyia kitu, akanirudishia. "Lenga." Nikalenga. "Fyatua." Nikavuta. Haikulia. Ilisema *tak* tu, maana alikuwa ameitoa risasi bila mimi kujua. Lakini mtutu ulichovya chini kama kuku anayedonoa. Hakuna mlipuko, hakuna teke la begani, hakuna kitu, na mimi nilikuwa nimeshajikunyata, nimefumba macho yote mawili.

"Umeona?" akasema. "Bunduki ni nzima. Wewe ndiyo mbovu."

Tulibakiwa na siku kumi kabla ya shabaha ya mwisho. Risasi 5, mita 100, na afande alishasema wazi kwamba asiyegusa ubao jina lake litakaa pembeni. Kukaa pembeni maana yake narudi Arusha bila cheti, na mama alikuwa ameshatangaza mtaa mzima.

Nyumbani nilimkuta Mjomba anafunga ndama. Sikutaka kumwambia, nikamwambia. Yeye si mtu wa maneno. Watu wa pale walijua kwamba alikwenda vitani, basi. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera, mgambo wa nchi hii waliingizwa jeshini kwa maelfu, na yeye akiwa kijana wa miaka 20 alikuwa mmoja wao. Akarudi baada ya Kampala kuanguka, Aprili 1979, akanunua ng'ombe wawili. Hiyo ndiyo hadithi yote niliyowahi kuisikia, na niliisikia kwa mama, si kwake.

Akaangalia fimbo yangu. Akaingia ndani akatoka na kipande cha mpira wa baiskeli, akakifunga pale ambapo kifyatulio kingekuwa. "Lala chini, mjomba."

Nikalala kwenye kinyesi cha ng'ombe kilichokauka. Akaninyoosha mguu mmoja mmoja kama anamlaza mtoto. Akasogeza kiwiko cha kushoto mpaka kikawa chini ya fimbo kabisa. "Nyama inachoka, mfupa hauchoki. Fimbo ilalie mfupa." Akaniambia nifumbe macho, nipumue mara mbili, nifumbue. Fimbo ilikuwa inaangalia choo. "Usiivute kwa mikono kuirudisha kwenye shabaha. Sogeza mwili wote. Ukiilazimisha kwa mikono, ikilia itarudi inakotaka yenyewe."

Halafu akaweka punje ya mahindi juu ya ncha ya fimbo. "Sasa vuta mpira. Polepole. Kama unakamua ng'ombe mwenye mateke. Ukimshtua tu, ndoo imekwenda."

Punje ikaanguka. Akaiokota. Ikaanguka. Akaiokota. Sikumbuki aliiokota mara ngapi jioni ile. Siku ya tatu punje ikawa haianguki, ndipo akaanza balaa jingine. Alisimama nyuma yangu na jembe bovu na nondo, na wakati wowote anaotaka, mimi nikiwa katikati ya kuvuta, analigonga jembe *ngaa!* karibu na sikio langu. Ndama walikuwa wanaruka. Shangazi alilalamika. Mimi nilijifunza kwamba sauti itakuja tu, sina namna ya kuizuia, na kuisubiri ndiko kunakonipindisha. Ukivuta sawasawa, mlipuko unakushangaza wewe mwenyewe.

Pumzi nayo. Toa nusu, bakiza nusu, tulia hapo. Usizidishe sekunde nane hivi, macho yanaanza kuogelea. Ikikupita, acha, pumua, anza upya. Huo ndio ugumu kwa sisi wa mjini: kuacha na kuanza upya wakati wenzako wa kulia na kushoto wameshafyatua. (Wewe unayeandika mashairi saa nane za usiku unanielewa.)

Lakini somo kubwa lilikuwa la jicho. Bunduki ile ina mwanya nyuma na kinundu mbele, na umbali kati yao haufiki hata nusu mita. Kinundu kikiyumba milimita 1 ndani ya mwanya, kule mita 100 risasi inakosea sentimita 20 hivi. Na jicho la binadamu haliwezi kuona vitu vitatu vya karibu na mbali kwa usafi mmoja. Lazima uchague.

"Unaangalia nini?" Mjomba aliniuliza.

"Shabaha."

"Ndo maana. Achana na shabaha. Angalia kinundu cha mbele. Kinundu kiwe safi kama wembe. Shabaha iache iwe ukungu."

Niliona anakosea. Unawezaje kupiga kitu usichokiangalia? Lakini sikuwa na mwalimu mwingine.

Siku ya siku, upepo ulikuwa umelala, nadhani kwa huruma. Nikalala. Nikaweka mfupa chini. Nikafumba macho, nikafumbua, nikasogeza kiuno kidogo kulia. Afande nyuma yangu kimya. Nikatoa nusu ya pumzi. Kinundu kikawa cheusi, kikali, kimekaa katikati ya mwanya, na kule mbele ubao ukayeyuka ukawa doa la kijivu lisilo na jina. Nikakamua. Bunduki ikalia na ikanishangaza kweli. Nikakishikilia kifyatulio nyuma kidogo, mtutu ukashuka wenyewe, nikaachia, nikasubiri kinundu kirudi. Kuruta wa kulia kwangu alikuwa ameshamaliza zote tano na mimi niko ya pili.

Tulipokwenda kuangalia ubao, matundu yangu yalikuwa manne. Matatu kati ya hayo ningeweza kuyafunika kwa kiganja. Afande akayatazama, akanitazama, akasema, "Nani kakufundisha?" Nikasema, "Mjomba, afande." Akatikisa kichwa, akaenda kwa mwingine.

Nilikimbia mpaka nyumbani, kilomita tatu na buti. Mjomba alikuwa kwenye gogo, ananoa panga. Nikamweleza yote, hata yasiyokuwepo. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Uliona nini?"

"Kinundu tu, Mjomba. Safi kabisa."

"Na kule mbele?"

"Ukungu."

"Vizuri." Akapitisha panga kwenye jiwe mara mbili. "Na mimi kule Uganda nilikuwa naona kinundu tu. Nilisifiwa sana. Koplo wetu alikuwa ananiita kila pakiwa na mbali." Akalipitisha tena. "Halafu mnaambiwa songeni mbele. Mnasonga. Mnafika pale pale ulipokuwa unalenga. Hapo hakuna ukungu."

Nikanyamaza. Kicheko kilichokuwa usoni kwangu sikujua nikiweke wapi.

"Mmoja alikuwa amevaa raba nyeupe," akasema. "Kamba ya mguu wa kushoto haikufungwa. Nikasema huyu angekimbia angejikwaa."

Akasimama, akaliegemeza panga ukutani, akaenda kukamua. Hakuongeza neno, na mimi sikuuliza. Usiku nilisikia anakohoa nje muda mrefu.

Kazi niliipata. Nililinda geti Arusha miaka minne, usiku, na shotgun ambayo sikuwahi kuifyatua hata mara moja, na katika saa zile ndefu ndipo nilipoanza kuandika kwenye daftari la wageni. Nimejaribu kumwandika yule mwenye raba mara tatu. Kila mara natunga: nampa jina, nampa mama, nampa kijiji ng'ambo ya Mto Kagera. Halafu nachana. Mjomba hakumpa kitu chochote zaidi ya kamba isiyofungwa, na sioni kwa nini mimi nimpe.

Cheti ninacho. Kina mhuri, na afande aliandika kwa mkono wake: *Shabaha: nzuri sana.* Mama alikitia fremu akakitundika sebuleni, pembeni ya kalenda. Mwaka 2014 Mjomba alikuja Arusha kwenye msiba, akalala kwetu siku nne. Viti vilikuwa vingi. Siku zote nne alikaa kile kinachoupa mgongo ule ukuta.