COOKE CITY: KIJIJI CHA THELUJI AMBAKO INJINI HUPIMWA PUMZI

Kusini mwa jimbo la Montana, nchini Marekani, karibu kabisa na mpaka wa jimbo la Wyoming, kipo kijiji kiitwacho Cooke City. Ijapokuwa jina lake hudai kuwa ni jiji, wakazi wake wa kudumu hawakufika mia moja katika hesabu ya watu ya mwaka 2020. Kimejengwa bondeni, kwenye mwinuko wa meta 2,300 hivi juu ya usawa wa bahari, nacho kimezungukwa na milima ya Absaroka na Beartooth. Katika safu hiyo ya Beartooth ndimo kilimo kilele cha Granite, kirefu kuliko vyote vya Montana, ambacho kimo chake hupita meta 3,900.

Wachimba dhahabu ndio waliofika kwanza kufanya makazi hapo, katika karne ya 19. Kijiji kikapewa jina la ukoo wa Cooke, matajiri waliohusika na reli ya Northern Pacific, kwa tumaini kwamba garimoshi lingepanda hadi machimboni. Garimoshi halikufika kamwe. Mwaka 1988 moto mkubwa wa misitu ulikikaribia kijiji hicho, na mwezi wa Juni 2022 mafuriko yakaikata barabara inayokiunganisha na mji wa Gardiner. Mara zote mbili wakazi walivumilia, kwani kutengwa na dunia ni jambo walilolizoea.

Kila mwaka, theluji inapoanguka kwa wingi, barabara ya upande wa mashariki hufungwa. Gari la magurudumu huweza kufika kwa njia moja tu, nayo ni ile ya kutoka Gardiner, karibu kilometa 90, inayopita ndani ya hifadhi ya Yellowstone. Ajabu ni kwamba wakati huo wa baridi kali ndipo kijiji huchangamka. Wageni hufika na pikipiki za theluji juu ya matrela, na mtaa mkuu hujaa ngurumo. Mtu huondoka hotelini akiwa juu ya chombo chake, hupita pampu ya petroli kujaza tangi, kisha hushika njia ya mlimani.

CHOMBO CHENYEWE

Pikipiki ya theluji haina gurudumu la barabarani. Mbele ina skii mbili zinazogeuzwa kwa usukani, na nyuma ina mkanda mpana wa mpira wenye meno, unaozungushwa na injini ili kuisukuma theluji nyuma na chombo mbele. Katika mteremko mkali wenye theluji inayomfikia mtu kifuani, mkanda huo huhitaji nguvu nyingi mno, na hapo ndipo mlima unapoanza kumdai dereva.

Dereva yeyote aliyewahi kulipandisha lori la mizigo kutoka pwani hadi nyanda za juu za Afrika Mashariki anaijua shida hii. Kadiri mtu anavyopanda, hewa huwa nyepesi. Kwenye kimo cha meta 3,000, ambacho waendeshaji wa Cooke City hukikaribia mara nyingi, kanieneo ya hewa ni kama asilimia 70 tu ya ile ya ufukweni. Injini huvuta hewa kama binadamu avutavyo pumzi. Ikikosa hewa ya kutosha, nguvu zake hupungua kwa kiasi karibu sawa na hicho.

Dawa iliyopatikana ni turbo. Moshi unaotoka kwa kasi katika injini huzungusha gurudumu dogo, nalo huzungusha jingine kwa mtaimbo mmoja, zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Gurudumu hilo la pili huvuta hewa nyepesi ya mlimani, huishindilia, kisha huisukuma ndani ya silinda. Kwa miaka mingi kazi ya kufunga turbo katika injini za mipigo miwili ilikuwa ya mafundi wa karakana za binafsi. Kampuni ya BRP ya Kanada ilitoa pikipiki ya kwanza ya aina hiyo iliyofungwa turbo kiwandani, Ski-Doo ya toleo la mwaka 2020. Polaris ya Marekani ikafuata na toleo la mwaka 2022. Hata hivyo karakana za binafsi bado zina kazi, kwani wapo waendeshaji wasiotosheka na nguvu za kiwandani.

HEWA NA MAFUTA

Turbo inapoongeza hewa, mafuta nayo hayana budi kuongezwa kwa uwiano unaofaa. Mama wa nyumbani anayepikia jiko la mafuta ya taa ataelewa upesi. Utambi ukipandishwa kupita kiasi, mafuta huzidi hewa; moto huwa mwekundu, moshi hutanda na sufuria hushika masizi. Katika injini, mafuta yakizidi, plagi hulowa na kuingia masizi, nguvu hupungua na petroli hupotea bure. Hiyo ni hasara, lakini ni hasara inayovumilika.

Balaa liko upande wa pili. Injini inapofanya kazi nzito huku mafuta yakiwa pungufu, joto ndani ya silinda hupanda, na mchanganyiko huweza kulipuka ovyo badala ya kuungua kwa utaratibu. Petroli ya ziada husaidia kupoza. Ikikosekana, kichwa cha pistoni huanza kuyeyuka, kwa kuwa kimetengenezwa kwa aluminiamu. Jambo hilo huweza kutokea katika sekunde chache, tena wakati injini inaponguruma kwa raha na dereva anajisifu kwamba leo chombo kina nguvu kuliko jana.

Kwa hesabu, gramu 1 ya petroli safi huhitaji gramu 14.7 za hewa ili vyote viungue pasipo kubaki kitu. Petroli iliyochanganywa asilimia 10 ya ethanoli huhitaji kama gramu 14.1. Lakini turbo inaposukuma kwa nguvu zote, mafundi huongeza mafuta makusudi, na aghalabu huuweka uwiano katikati ya 11 na 13 za hewa kwa 1 ya mafuta, kulingana na injini na aina ya petroli.

Macho ya binadamu hayawezi kuuona uwiano huo. Kwa sababu hiyo kipimio cha oksijeni hufungwa katika bomba la moshi, nacho hupeleka habari kwenye geji iliyo mbele ya dereva. Oksijeni ikisalia nyingi katika moshi, ni dalili ya mafuta machache, na namba ya geji hupanda. Ikipanda ghafula katikati ya mlima, jambo la kufanya ni moja tu: kuachia mafuta mara moja, kisha kutafuta sababu. Huenda chujio limeziba, pampu imechoka, maji yameganda katika mpira wa petroli, au hewa inapenya kwenye kiungo kilicholegea.

Geji nayo si mtume. Katika injini ya mipigo miwili, sehemu ya hewa mbichi hupita moja kwa moja hadi kwenye bomba la moshi bila kuungua, na huweza kukidanganya kipimio. Mafuta ya kulainisha yaliyomo katika petroli hukichafua, na petroli yenye risasi hukiua kabla ya wakati wake. Fundi mwangalifu kwa hiyo hulinganisha namba ya geji na joto la moshi na rangi ya plagi, kama vile hakimu asivyotoa hukumu kwa shahidi mmoja.

JIONI NI ADUI

Hewa ya nyuzi 20 chini ya sifuri ni nzito kuliko ile ya nyuzi sifuri kwa karibu asilimia 8. Maana yake ni kwamba injini ya kabureta iliyorekebishwa vizuri saa sita za mchana, jua likiwaka, huweza kupungukiwa mafuta jioni baridi inapoingia, bila mtu yeyote kuigusa. Mitambo ya kisasa ya kupulizia mafuta hupima baridi na kanieneo na kujirekebisha yenyewe. Lakini palipofungwa vifaa vya ziada, marekebisho hayo ni mzigo wa fundi na mwenye chombo.

Ndiyo maana katika milima hii geji haihesabiwi kuwa pambo. Injini ikifa nyuma ya kilele wakati jua linatua, mwenye chombo hubaki katika baridi inayoua, akiwa na mwendo mrefu wa miguu katika theluji isiyokanyagika. Polisi wa wilaya na wananchi wa kujitolea hulazimika kwenda kumtafuta usiku, nao pia wakihatarisha maisha yao chini ya miteremko inayoweza kuporomoka theluji. Waendeshaji wenye busara hutoka wakiwa kundi, husoma kwanza taarifa ya hatari ya maporomoko, na hubeba koleo, fimbo ya kuchomea theluji na redio ndogo ya kumtafutia aliyefukiwa. Huweka pia akiba ya chakula na kiberiti.

Askari aendaye doria hukagua silaha na gari lake kabla ya kutoka langoni, si baada ya kukutana na adui. Waendeshaji wa Cooke City huifuata kanuni hiyohiyo: huisikiliza injini ikiwa bado mbele ya hoteli, huitazama namba ya geji katika mteremko wa kwanza ulio mwepesi, na ikionyesha kasoro hugeuza na kurudi kijijini. Mlima utakuwapo kesho.