Kuifuata njia ya samaki hadi Ziwa Moero

Mgeni akifika Lubumbashi huonyeshwa kwanza bomba la moshi la Gécamines na kilima cheusi cha masalia ya shaba kilicho kando yake. Nimekulia karibu na bomba hilo na ninalipenda. Lakini mji huu haukulelewa na shaba peke yake. Wafanyakazi wa Union Minière walikula bukari kwa samaki, na samaki wengi walitoka mto Luapula na Ziwa Moero. Kiangazi kilipofika nikapanda lori la kwenda Kasenga, niione njia hiyo ya samaki kwa macho yangu.

Kasenga iko ukingoni mwa Luapula, na ng'ambo ya maji ni Zambia. Enzi za ukoloni wafanyabiashara wa Kigiriki waliufanya mji huu kuwa kitovu cha samaki wa Katanga: walikuwa na boti za injini, barafu, na malori ya kupeleka mzigo Elisabethville, kama Lubumbashi ilivyoitwa wakati huo. Samaki aliyewatajirisha ni mpumbu. Mvua zilipoanza, mpumbu walipanda mto kwa makundi makubwa kwenda kutaga, na nyavu zikawangoja papo hapo njiani, kabla hawajaacha mayai. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1950 makundi yale yalikuwa yamekwisha.

Ufukoni nilimkuta mama mmoja ameanika chisense juu ya mchanga, tusamaki twembamba kuliko kidole, tumekauka upande mmoja na upande wa pili bado tunang'aa. Alikuwa akitugeuza polepole kwa ufagio wa majani tusivunjike vichwa.

“Mama, mpumbu iko?” nikamwuliza.

“Ile ni ya bankambo, papa,” akanijibu. “Weye kamata chisense.”

Nikanunua. Bado ninaamini kwamba ufuko ule ni urithi wetu sawa na jumba lolote la mawe, na unastahili kuandikiwa historia yake.

Kutoka huko njia inaelekea kaskazini, uwanda wa Kundelungu ukiwa mkono wa kushoto. Maporomoko ya Lofoi, yenye urefu wa zaidi ya mita 300, yako upande wa pili wa uwanda huo, kwa hiyo tuliyapita bila kuyaona.

Kilwa ni bandari ya ziwani, nayo ina kumbukumbu nzito. Mwezi wa Oktoba 2004 jeshi liliingia kuukomboa mji kutoka kwa kikundi kidogo cha waasi, na raia wakauawa. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa ulihesabu watu wasiopungua 73. Mwaka 2017 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu iliitaka serikali iwalipe fidia waathirika. Kwangu mimi, anayekuja Kilwa kutazama ziwa tu na asiulize habari za watu hao, hajafika Kilwa.

Kaskazini zaidi iko Luanza. Mfalme Msiri alipouawa Bunkeya tarehe 20 Desemba 1891 na watu wa msafara wa Kapteni Stairs, waliotumwa kwa niaba ya Leopold wa Pili, mji wake mkuu ulitawanyika. Mmisionari Mskoti Dan Crawford, aliyekuwa akiishi Bunkeya, alihamia ziwani, na baadhi ya watu wa Msiri wakamfuata. Pale Luanza akajenga misheni na kutafsiri Biblia kwa Kiluba cha Kisanga, hadi alipofariki mwaka 1926. Anayetaka kujua watu wa Bunkeya walielekea wapi baada ya kifo cha mfalme wao, sehemu ya jibu iko hapa.

Safari iliishia Pweto. Hapa ziwa lenye zaidi ya kilomita za mraba 5,000 linabanwa na kuwa mto mmoja, Luvua, unaoshuka kuungana na Lualaba na hatimaye kuwa mto Kongo. Ukisimama ukingoni unaona maji yaliyokuwa yametulia yakianza kwenda mbio.

Ombi langu ni kwa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi: watumeni vijana Kasenga, Kilwa na Luanza wakarekodi maneno ya wazee wakiwa bado hai. Na wewe msomaji, ukiamua kwenda, nenda wakati wa kiangazi. Mvua ikishanyesha, njia hiyo haina huruma na magari.