Nyota Haivuki Nukta

Mnajua kwamba chama chetu cha wanafunzi wa zamani huwalipia ada vijana wachache wasiojiweza. Mimi ndimi niliyepewa kazi ya kutunza tovuti ya chama, na leo nataka kuwaeleza kosa langu, ili mwingine asilirudie.

Mwaka 2023 niliziweka fomu za maombi katika intaneti. Tuseme jina la tovuti yetu ni shule.mfano, na chini yake yapo maktaba.shule.mfano na habari.shule.mfano. Kila jina lataka kufunikwa na cheti cha SSL. Cheti hicho huihakikishia simu ya msomaji kwamba imefika mahali penyewe, na maneno yake hufungwa njiani mtu mwingine asiyasome.

Kwa upande wa majina, vyeti ni vya namna tatu. Kipo cha jina moja tu. Kipo cha majina mengi, yaliyoandikwa moja moja, hata yakiwa ya tovuti mbalimbali. Na kipo cha nyota, yaani *.shule.mfano, ambacho nyota yake husimama badala ya neno lolote. Hicho ndicho nilichochagua, kwa sababu tangu mwaka 2018 Let's Encrypt hukitoa bila malipo. Kisha fomu nikaipa jina fomu.ada.shule.mfano, wala sikuijaribu.

Siku mbili baada ya maombi kufungwa, kijana mmoja alinijia kwa basi kutoka Tororo.

"Shikamoo, Mwalimu," akasema. "Nilifungua fomu kwa simu ya mjomba, nikaona onyo kwamba mahali pale si salama. Nawe ulitufundisha tukiona onyo lile tusipite. Basi nikafunga."

Nilitahayari sana. Yeye alitii, aliyekosa ni mimi. Kumbe nyota husimamia neno moja tu, haivuki nukta! Hufunika maktaba.shule.mfano, lakini fomu.ada.shule.mfano ina maneno mawili mbele, nayo hubaki nje. Hata shule.mfano tupu haimo, mpaka uliandike jina hilo pia katika cheti. Ni kama ruhusa ya kuingia chumba chochote cha bweni: haikupi ruhusa ya kufungua sanduku lililomo chumbani.

Nilikwenda mbele ya kamati nikakiri. Wazee wakanikemea, kisha wakaongeza siku saba. Usiku ule ule nikachukua cheti kipya chenye *.ada.shule.mfano pia, kazi ya dakika chache tu. Maombi yaliyokuwa manne yakafika kumi na tisa.

Kijana yule hakupata ada mwaka ule, kwa kuwa walikuwapo wenye shida kumzidi. Lakini barua yake ilisomwa kama za wenzake, na hiyo ilikuwa haki yake.

Basi, ninyi mtakaotunza tovuti kesho, andikeni majina yote kwenye karatasi, mhesabu nukta, kisha mfungue kila jina kwa simu ya mtu mwingine kabla ya kutangaza. Mlango usioujaribu mwenyewe, usimwite mgeni apite.

Mwanafunzi wa Zamani