Vifaa vya Kayaki ya Uvuvi: Anza na Unachovaa

Leo tunaweka programu na seva kando kidogo. Wale mnaonifahamu mnajua kwamba Jumamosi asubuhi huwa sishiki kompyuta. Huwa niko majini pale Kilifi na kayaki yangu, natafuta kolekole na changu. Sasa mpwa wangu naye ameambukizwa. Amenunua kayaki ya mtumba, ile ya plastiki ambayo mtu hukaa juu yake badala ya kuingia ndani, kisha akanitumia orodha ya vifaa anavyotaka kununua kwa pesa zilizobaki. Namba moja: mashine ya kutafutia samaki. Namba mbili: vishikio vinne vya fimbo. Namba tatu: kamera. Jaketi la kuokoa maisha lilikuwa namba tisa, na mbele yake ameandika "baadaye".

Jibu langu lilikuwa refu kuliko simu, kwa hiyo naliweka hapa kwa faida ya wengine. Najua wako wengi wanaofikiria kununua kayaki, kwa sababu haili petroli, haihitaji mabaharia, na mtu mmoja anaweza kuiweka juu ya gari.

Nianze na swali ambalo mzee mmoja mvuvi aliniuliza mara ya kwanza aliponiona nikipanga vitu vyangu ufuoni. Aliitazama kayaki, akatazama vile vifaa vyote vilivyofungwa juu yake, akasema: "Mwanangu, chombo kikienda, wewe unabaki na nini?"

Sisi wa kompyuta tunalijua swali hilo. Ukijenga mfumo ambao kila kitu kinategemea mashine moja, siku mashine hiyo ikizima kila kitu kinazima. Kayaki ni mashine moja. Redio imefungwa kwake, simu iko kwenye sanduku lake, maji ya kunywa yako nyuma ya kiti. Ukipinduka na upepo ukaichukua, umepoteza vyote kwa pamoja. Na upepo unaichukua kweli. Kayaki tupu ni nyepesi na inaelea karibu yote juu ya maji, upepo unaisukuma kama chupa ya plastiki. Mtu aliyevaa nguo na jaketi anaogelea polepole sana. Upepo wa kawaida tu wa kusi unatosha kukuachia pengo usiloweza kuliziba.

Basi mimi hugawa vifaa mafungu matatu, na hununua kwa mpangilio huu: vya mwilini, vya kufunga kwenye chombo, halafu vya kuvulia.

1. VYA MWILINI

Jaketi la kuokoa maisha. Nguvu yake ya kuelea hupimwa kwa Newton, na utaona namba imeandikwa ndani: 50, 100 au 150. Newton 10 ni kama kubeba uzito wa kilo moja. Usishangae kwamba 50 ni kilo tano tu wakati wewe una kilo themanini. Mwili wenyewe unabebwa na maji karibu wote, kinachohitaji msaada ni kichwa kibaki juu. Jaketi la 50 linakusaidia ukiwa na fahamu, unajua kuogelea na wenzako wako karibu. La 150 ni la bahari ya wazi, na limeundwa likugeuze uso uangalie juu hata ukizimia. La 100 liko katikati.

Kwa nini basi usinunue la 150 na kumaliza? Kwa sababu makubwa yale ya sponji, yenye kola nene kama ya abiria wa feri, hayakuruhusu kupiga kafi. Utalivaa dakika kumi, joto litakuzidi, utalivua na kuliweka nyuma ya kiti. Jaketi lililo nyuma ya kiti ni sawa na nakala ya akiba uliyoihifadhi kwenye diski ileile. Tafuta lile lililotengenezwa kwa wapiga kafi: mikono imekatwa kwa upana, mgongoni sponji iko juu ili isigombane na kiti, ubavuni lina wavu wa kupitisha hewa. Mengi ya aina hii ni ya 50 au juu yake kidogo, kwa hiyo lazima uandamane na mwenzako. Rangi iwe ya machungwa au njano. Ya kijani ya jeshi inapendeza kwenye picha, lakini anayekutafuta majini hataiona.

Kuna pia yale yanayojijaza hewa kwa mtungi mdogo wa gesi. Ni mepesi na yana nguvu, ila mtungi ukishatumika lazima ubadilishwe, na mvuvi hukaa katikati ya ndoana zenye uwezo wa kutoboa. Yanayojifungua yenyewe yakilowa yana tabu nyingine, maana kwenye kayaki unalowa kila siku. Mimi nimebaki na sponji.

Kupima ni rahisi. Livae, kaza mikanda yote, mwambie mtu alivute juu kwa mabega. Likifika masikioni si saizi yako.

Filimbi na kisu. Filimbi iwe ya plastiki isiyo na kokwa ndani, ifungwe kwenye jaketi. Sauti yako inakauka upesi ukipiga kelele, filimbi inaendelea maadamu unapumua. Kisu kiwe kifupi, butu mwishoni, mahali ambapo mkono wowote unakifikia. Mshipi wa nailoni ukikuzunguka mguu ndani ya maji, hakuna wakati wa kufungua sanduku.

Simu na redio. Hapa ndipo wapenda teknolojia tunapotea. Simu iliyoandikwa IPX7 imejaribiwa kwa maji baridi, mita moja, dakika 30. Haikujaribiwa kwa chumvi. Tena kioo kilicholowa hakisikii kidole. Iweke kwenye mfuko usiopitisha maji, uifunge kwenye jaketi, lakini usiifanye tegemeo lako la pekee.

Redio ya mkononi ya VHF ya baharini ni bora zaidi, kwa sababu ukiita kwenye chaneli 16, yaani megahezi 156.8, unasikika na kila chombo kilicho karibu kinachosikiliza, bila kujua namba ya mtu. Kikomo chake ni upeo wa macho. Hesabu yake ni hii: chukua kipeuo cha pili cha urefu wa antena kwa mita, zidisha kwa 4.1, unapata kilomita. Ukikaa kwenye kayaki antena iko kama mita moja juu ya maji, hivyo kilomita 4. Mwenzako akiwa naye kwenye kayaki mnajumlisha, kilomita 8. Kituo chenye mlingoti wa mita 25 kinaongeza kilomita 20 na ushee. Ukiwa ndani ya maji na antena iko sentimita 30 tu, upande wako unabaki na kilomita 2 hivi. Ndiyo maana unaita mapema, ukiwa bado umekaa. Kumbuka redio hii inahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya.

Kwa anayevuka mwamba kwenda bahari kuu kuna kifaa kidogo kinachoitwa PLB. Ukikiwasha kinatuma ishara kwa megahezi 406 kwenda kwenye setilaiti za mfumo wa Cospas-Sarsat, na hakina malipo ya kila mwezi. Angalia sana ukiuziwa cha mtumba: vile vya zamani vya megahezi 121.5 pekee setilaiti ziliacha kuvisikiliza tarehe 1 Februari 2009. Kisajiliwe kwa jina lako pia, ili anayepokea ishara ajue anamtafuta nani. Ni ghali kuliko mashine ndogo ya samaki, nakubali. Lakini ukivua ndani ya mkono wa bahari, huku ufuo unauona pande zote, unaweza kuanza bila PLB.

2. VYA KUFUNGA KWENYE CHOMBO

Kamba ya kafi. Kafi ndiyo injini yako, ikiondoka umebaki abiria. Kamba fupi inayonyumbuka inatosha. Wengine hujifunga wao wenyewe kwenye kayaki, na kwenye maji ya wazi yenye upepo kuna maana. Lakini kwenye mawimbi yanayovunjika mwambani kamba hiyo inaweza kukunyonga au kukuvuta, kwa hiyo iwe ya kujifungua kwa mvuto mmoja, na uivue kabla ya kuingia mlangoni.

Nanga. Kilo moja na nusu hivi inatosha kayaki. Muhimu si nanga, ni mahali kamba inapotokea. Ikitokea ubavuni na mkondo una nguvu, chombo kinalazwa upande na maji yanakipindua. Itokee omo au tezi, na uweze kuiachia mara moja ikiwa na boya dogo ili uirudie baadaye.

Bendera na taa. Kayaki iko chini mno, nahodha wa boti iendayo kasi haioni kati ya mawimbi. Bendera ya rangi kali juu ya mlingoti wa mita moja, na taa nyeupe inayoonekana pande zote kama unatoka kabla ya jua.

Kafi ya akiba, maji lita mbili na kofia. Bahari yetu si ya baridi kali, jua ndilo litakalokumaliza kwanza.

3. VYA KUVULIA

Sasa tuje kwenye mashine ya samaki, maana sitaki ionekane naichukia. Ni kompyuta nzuri sana. Inatuma mlio chini, inasubiri mwangwi, inahesabu muda. Sauti kwenye maji ya bahari husafiri kama mita 1,500 kwa sekunde, hivyo kwenye kina cha mita 30 jibu linarudi baada ya sekunde 0.04. Inakuonyesha mwamba ulipo, na mwamba ulipo ndipo alipo chewa. Lakini inataka betri ya volti 12, na ya risasi huongeza zaidi ya kilo mbili mahali pabaya. Za lithiamu aina ya LiFePO4 ni nyepesi zaidi ila bei imepanda. Waya wake usipite mahali utakaporudi kupandia.

Vishikio vya fimbo: viwili, si vinne. Viwekwe nyuma ya kiti, na uache upande mmoja wa kayaki ukiwa safi kabisa, bila ndoana, kisanduku wala chuma kilichochomoza. Huo ndio mlango wako wa kurudia ndani.

4. JARIBU KABLA HUJAHITAJI

Nakala ya akiba ambayo hujawahi kujaribu kuirejesha ni matumaini tu. Vifaa hivi navyo ni hivyo hivyo. Jumapili iliyopita tulikwenda na mpwa wangu kwenye maji ya kifuani, siku ya maji mafu, akavaa kila kitu kama anayekwenda kuvua, nikampindua. Jinsi ya kurudi: igeuze kayaki ikae sawa, shika kingo zote mbili, piga miguu mpaka tumbo lilale juu, geuka, keti. Mara ya kwanza alishindwa. Mara ya pili kishikio cha fimbo kilinasa mkanda wa jaketi. Tulikihamisha ng'ambo ya pili. Mara ya tatu alipanda. Nikampindua tena mara nne, mpaka akanitukana kwa heshima. Jioni alibadilisha orodha yake bila kuambiwa: jaketi likapanda juu, redio ikafuata, kamera ikafutwa.

5. VISIVYONUNULIWA

Jedwali la maji. Wakati wa bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa pwani yetu hukaribia mita 4, na maji hayo yote yanapotoka kwenye mkono wa bahari wa Kilifi mkondo unakuzidi nguvu. Panga urudi maji yakijaa. Msimu wa kusi, kati ya Aprili na Septemba, mimi sivuki mwamba, hata bahari ikionekana tulivu alfajiri.

La mwisho ni ujumbe mmoja wa simu. Kila ninapotoka namwandikia mama watoto: niko wapi, na nani, rangi ya kayaki, saa ya kurudi, na saa ambayo nikiipita aanze kupiga simu. Tumekubaliana ampigie nani kwanza: mwenyekiti wa BMU ya ufuo wetu, maana boti zake ndizo zilizo karibu, kisha kituo cha uokoaji baharini cha Mombasa na Walinzi wa Pwani. Namba ziko mlangoni pa friji. Watu wa programu mtanielewa: bila muda wa kikomo, mfumo unasubiri milele. Jumamosi moja mkondo ulinichelewesha nikafika ufuoni dakika sita kabla ya saa hiyo, nikamkuta ameshika simu mkononi, namba ya mwenyekiti imeshaandikwa. Samaki nilikuwa nao wawili. Hakuwauliza.

Haya, kwa leo ni hayo. Mwenye swali kuhusu saizi za jaketi au leseni ya redio aniandikie. Wiki ijayo tunarudi kwenye hifadhidata. Mbaki salama.