Wapagazi wa plastiki

Mbarara, pembeni ya soko, kuna mama anauza vitu vya watoto: mipira, madoli, magari yasiyo na betri, na pakiti za wanajeshi wa plastiki wa kijani, wale wa urefu wa kidole. Amenizoea. Akiniona tu anasema, "Ssebo, umekuja kuchagua tena?" Maana mimi sinunui pakiti mpaka niigeuzegeuze kwenye mwanga. Natafuta mtu mmoja ndani yake: yule anayevuka maji, ameinua bunduki juu ya kichwa kwa mikono miwili. Pakiti moja inao wawili, nyingine haina hata mmoja. Siku moja yule mama aliniuliza mbona nawapenda wanaojisalimisha. Nikamwambia hawajisalimishi, wanabeba. Akacheka, akapunguza mia tano.

Yule mwenye mikono juu, ukimnyang'anya bunduki na kumtwisha furushi, anakuwa mpagazi. Na mimi nahitaji wapagazi wengi kuliko kitu kingine chochote.

Vita ninayoitengeneza ni ya 1916. Mwaka ule Ulaya walikuwa wanauana Verdun na Somme, na hizo ndizo zinazoandikwa. Huku kwetu Wabelgiji walitoka Kongo kuwapiga Wajerumani waliokuwa wameshika Rwanda, Burundi na Tanganyika. Mkubwa wao aliitwa Tombeur. Chini yake kulikuwa na vikosi viwili vikubwa, kimoja cha Molitor upande wa kaskazini, kingine cha Olsen, Mdenmaki, upande wa kusini. Mwezi wa tano waliingia Kigali, mwezi wa sita Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo, mwisho wa mwezi wa saba Kigoma, na tarehe 19 Septemba wakaingia Tabora. Askari wao, Force Publique, walikuwa watu weusi wa Kongo. Wazungu walikuwa maofisa.

Nyumbani Fizi, bibi yangu alikuwa akisema baba yake alichukuliwa "kubeba vitu vya Bula Matari mpaka Tabora". Bibi alikuwa bado wa mgongoni. Baba yake hakurudi, wala hakuna aliyekuja kusema amefia wapi. Hiyo tu ndiyo hadithi yote, haina kipande kingine. Nilikuwa naisikia kama unavyosikia redio ya jirani. Nilikuja kuisikia vizuri nikiwa tayari hapa Rwekubo, mtu mzima, nilipofahamu kwamba kikosi cha Molitor kilikuwa kinalishwa kupitia Uganda. Mizigo ilishushwa Bukakata kwenye Ziwa Victoria, ikapita Masaka, ikapita Mbarara, ikaenda mpaka Kamwezi kwenye mpaka wa Rwanda. Mingine kwa mikokoteni ya ng'ombe, mingine kwa vichwa vya watu, na Waganda nao walitolewa kwa maelfu kuwabebea Wabelgiji. Kwa hiyo Mbarara ile ile ninayokwenda kwa taksi, nimebanwa kama sambaza kwenye gunia, ilikuwa kituo cha ile safari. Babu yangu mkuu sidhani alipita hapa. Mtu wa Fizi angepelekwa zaidi upande wa Olsen, kule ziwani Tanganyika. Lakini vita ilikuwa ile ile.

Najua kuna watu Ulaya wenye mchezo huu. Wanamwaga watu wadogo wa madini, wa milimita 28, askari, ruga-ruga, hata wapagazi, wanawapaka rangi kwa brashi ya nywele tatu. Nimewaona kwenye simu. Ni wazuri sana. Bei ya kumi ni hela ya mwezi mzima hapa, na bado hujalipa posta. Tena ningemwambia mtu wa posta anwani gani, kijiji, mwembe wa pili? Basi nikabaki na wangu wa China.

Kazi yenyewe niwaeleze, maana vijana wananiuliza. Plastiki hii ni laini na ina mafuta. Gundi ya supa haishiki, inakauka juu kama ngozi ya maziwa kisha inabanduka. Nilipoteza wiki mbili kabla sijaelewa. Usimgundishe, mchome. Unapasha sindano kwenye mshumaa, unatoboa kichwa, unaingiza kipande cha waya, na mzigo unakaa kwenye waya. Mkono ukiwa umekaa vibaya unauchovya kwenye maji ya moto, unaukunja, kisha haraka kwenye maji ya baridi, utabaki hapo. Kofia ya chuma unainyoa kwa wembe pole pole mpaka ibaki kama kopo, hiyo ndiyo tarabushi. Buti nazo unazinyoa, kwa sababu askari wa Force Publique walitembea miguu mitupu. Hapo ndipo nilipojikata dole gumba, alama iko mpaka leo.

Kabla ya rangi, osha kwa sabuni, paka gundi ya mbao iliyochanganywa na maji, acha ikauke usiku mzima. Ukiruka hapo, rangi itatoka yote kama magamba. Ngozi natumia masizi ya sufuria na gundi kidogo. Kaki ni udongo wa njia yetu hii, uliochekechwa kwa kitambaa. Wekundu wa tarabushi ni rangi ya kucha ya binti yangu, na yeye anajua. Zamani askari wa Kongo walivaa bluu na tarabushi nyekundu, wakipendeza kweli, lakini kwa vita hii walivalishwa kaki. Basi nyekundu naitumia kidogo tu, kwa wale ninaowapenda.

Mizigo ni kandambili zilizokwisha. Ile sponji unaikata kwa wembe vipande vya mraba, unaizungushia uzi uliochomolewa kwenye gunia la mgao. Ukitazama kwa mbali ni sanduku la risasi, au unga.

Nilipomaliza pande zote mbili nikakwama. Askari wa Mjerumani naye alikuwa mtu mweusi, kaki, tarabushi yenye kifuniko cha kaki. Kwa Mjerumani walikuwa Wanyamwezi, Wasukuma, Wasudani, na Wamanyema vilevile. Wamanyema, watu wa kwetu Kongo, walikuwa pande zote mbili! Niliwapanga kwenye meza, nikaenda kunywa maji, niliporudi sikuweza kusema yupi ni yupi. Jirani yangu, mzee wa Burundi, alikuwa amesimama mlangoni anatazama.

"Wetu ni wapi?" akauliza.

Nikamwonyesha upande mmoja. Akatazama, akatazama na ule mwingine.

"Na hawa?"

"Hawa nao."

Akasema "Ehee," akakaa kwenye jerikani. Huyu mzee ni mtu wa maneno machache. Nikamweleza habari ya Kigoma, kwamba Wajerumani walikuwa na meli kubwa pale, Graf von Götzen, na walipoona Wabelgiji wanakaribia mwaka huo wa 1916 wakaizamisha wenyewe. Waingereza wakaja kuiinua 1924, ikabatizwa Liemba. Mzee akainua kichwa. "Liemba? Ile nimepanda." Alipanda 2015, kutoka Kagunga, pale watu walipojaa pwani mpaka hakuna pa kuweka mguu, meli ikawabeba kuwapeleka Kigoma. Alisema ilikuwa inaegama upande mmoja kwa uzito wa watu, na mke wake alikuwa na godoro kichwani muda wote, hakulitua hata ndani ya meli, kwa kuogopa litakanyagwa. Nilimtengeneza mama huyo wiki ile ile, ingawa 1916 hakukuwa na magodoro ya sponji. Yuko kwenye meza. Mtu akiuliza nasema ni wa vita nyingine.

Alama ya kuwatenganisha askari nikaiweka chini, kwenye kizibo cha soda wanachosimamia: bluu kwa Kongo, nyeusi kwa Mjerumani. Wapagazi sikuwapaka rangi chini.

Sasa kuhusu watoto. Walianza kuja wenyewe, jioni, wanakaa mstari kwenye ukuta. Dada mmoja wa shirika linalohudumia watoto alisikia, akaja. Alisalimia vizuri, akakaa, akasema, "Papa, samahani, sisi kwenye sehemu ya watoto haturuhusu vitu vya bunduki. Hawa watoto wametoka kwenye vita." Sikukasirika. Mimi pia nimetoka huko huko. Lakini nilikuwa na la kusema, nikasema: hawa watoto bunduki wanazijua bila mimi, wanazichora kwa kijiti kwenye vumbi. Tukabishana kwa adabu karibu saa nzima. Mwisho tukakubaliana vitu visivyo na bunduki naweza kuvipeleka. Basi nikapeleka wapagazi, ishirini na tatu. Wapagazi wakaruhusiwa kuingia, askari wakabaki kwangu chini ya kitanda. Bado nadhani alikosea kidogo. Lakini naye alikuwa na haki yake, na kwa kosa lake mchezo ukawa bora.

Maana pale kwa dada, watoto walishika wale wapagazi wakauliza, "Banafanya nini sasa?" Hakuna wa kupiga, hakuna wa kufa. Nikalazimika kutunga mchezo wa kubeba. Tukachora njia kwa chaki, kutoka ziwani mpaka kambi ya askari. Kila mpagazi ana mzigo wa kilo 25, ndiyo uzito wa kawaida wa siku zile. Mzigo ni maharage 25, kila harage kilo moja. Na mpagazi anakula karibu kilo moja kwa siku, akienda na akirudi. Kila hatua unatoa harage moja unaweka pembeni.

Mtoto wa kwanza alituma watu wake kwenye njia ya hatua ishirini. Walifika na maharage matano kila mmoja. Akayakabidhi kambini, akafurahi. Nikamuuliza, "Na kurudi watakula nini?"

Akanyamaza. Akaanza kuyachukua yale matano tena kwa askari, moja moja. Yakaisha bado hatua kumi na tano kufika nyumbani. Kijana mwingine, mkubwa kidogo, akasema, "Basi baongeze bapagazi ba kubebea bapagazi chakula." Wakaongeza. Wale nao wakala. Walihesabu mpaka giza, na mimi sikusema neno, kwa sababu hivyo hivyo ndivyo Wabelgiji walivyohesabu. Hesabu inayotajwa kwa wapagazi wa Kongo vita nzima ni 260,000, wakati askari waliokwenda Tabora hawakufika 20,000. Na wengi waliokufa kati ya wapagazi hawakufa kwa risasi. Ni kuhara, mapafu, baridi ya milimani, na huku kupungua kwa maharage.

Mama wa nyumbani kwangu hakupendezwa na maharage kuchezewa. Tangu 2023 walipotugawa makundi ya mgao, sisi tuko kundi la nusu ya nusu, na jirani yuko lile lisilopata kitu. Akaniambia, "Baba, hayo maharage yakirudi pungufu, nitapika hao watu wako." Nikabadilisha, tukatumia mawe madogo. Ila mawe hayana uchungu. Mtoto anatoa jiwe bila kufikiri. Nimeomba nitumie maharage siku za kufunza tu, nikiyahesabu mbele yake kwenda na kurudi. Ameruhusu. Mara moja yalipungua matatu, nikajua ni nani, sikumtaja.

Wapagazi sasa wamefika sitini na moja. Mikono juu wamekwisha Mbarara, yule mama anasema mzigo mpya haujaja. Basi nimerudi kwa wale niliowadharau. Anayetupa bomu ana mkono mmoja juu, huyo anashikilia kikapu. Mwenye bazuka, ukikata bomba, bega lake linabaki limeinama vizuri kwa gogo la kubebea machela, wawili kwa machela moja. Wanaolala kifudifudi sikuwa na la kuwafanyia muda mrefu. Sasa nawalaza pembeni ya njia, bila mzigo. Watoto hawakuuliza ni akina nani.

Mama mmoja wa New Congo aliyekuja kumchukua mjukuu wake aliwatazama wote, akasema, "Kaka, mbona wote wanaume? Nani alikuwa anapika?" Ni kweli. Wake za askari walifuata safari zile, na watoto mgongoni, na sufuria. Nimeanza na mmoja, kutoka kwa yule wa redio, kwa sababu amepinda mgongo na ana kitu nyuma tayari. Redio nimeichonga ikawa mtoto. Shida ni nguo. Nilikata kipande cha kitenge cha binti yangu, lakini ua moja lilimfunika kuanzia kiuno mpaka miguu. Natafuta chenye maua madogo sana. Mwenye kipande, hata cha ukubwa wa kiganja, aniletee.