Simu Mpya Haihamishi Mlima

Na Mwandishi Wetu

Shangazi yangu anaishi bondeni, katika kijiji kimoja ng'ambo ya Soni, wilayani Lushoto. Umri wake ni mkubwa, na kila siku hana budi kumeza dawa za shinikizo la damu. Hivi karibuni dawa hizo zilimwishia. Kwa siku tatu mfululizo alinipigia simu, na kwa siku hizo hizo tatu mimi nilikuwa hapa Dar es Salaam nikimpigia yeye. Yeye aliambiwa kuwa sipatikani. Mimi niliambiwa kuwa hapatikani. Hatimaye habari ilinifikia kwa njia ya kale: utingo wa lori la kabichi alimweleza jamaa yetu sokoni Ilala, naye akaja kunigongea mlango usiku.

Pale nyumbani lawama zote ziliiangukia simu yangu. Ni simujanja ya miaka minne, kioo chake kimepasuka pembeni, na kwa muda mrefu imekuwa ikikata mazungumzo. Nilikwisha weka akiba ya kununua nyingine. Mama watoto hakunipinga, ila aliuliza swali moja: "Una hakika kwamba mgonjwa ni simu?" Sikuwa na jibu, nilikuwa na hamu tu. Na fedha zile zile zilitosha kulipa ada ya muhula ya mtoto. Basi tulikubaliana kwamba nimpelekee shangazi dawa kwanza, simu kuukuu ikiwa mfukoni, na uamuzi ungoje nirudi.

KONA ILIYONYAMAZISHA SIMU MBILI

Basi letu liliondoka Mbezi alfajiri. Tulipita Chalinze, tukapita Segera na Korogwe, na mashamba ya mkonge yakawa yanakimbia dirishani mistari kwa mistari. Jirani yangu kitini alikuwa kijana mfanyabiashara aliyekuwa anakwenda kununua matunda damu. Alikuwa na simu mpya kabisa, na katika mazungumzo tuligundua kwamba sote wawili tunatumia laini za mtandao mmoja. Katika uwanda huo wote simu yake na yangu zilikuwa sawa.

Mombo ndipo mahali ambapo gari huiacha barabara kuu ya Arusha na kuanza kuupanda mlima wa Usambara. Kutoka hapo hadi mjini Lushoto ni kilometa zipatazo 33 za kona, mwamba upande mmoja na bonde upande wa pili, mto ukivuma chini. Yeyote aliyepita njia hiyo atakumbuka jinsi joto la Mombo linavyobaki nyuma na hewa ya baridi kuingia dirishani.

Katika kona moja, kijana yule alikuwa akijadiliana bei na mteja wake. Mara sauti ikakatika. Aliitazama simu yake, nami nikaitazama yangu: vijiti vyote vilikuwa vimetoweka. Tulipozunguka kona chache zaidi, mtandao ulirudi katika simu zote mbili karibu kwa wakati mmoja. Kijana alicheka, lakini mimi nilianza kufikiri. Simu mpya na simu kuukuu zilikuwa zimenyamaza mahali pamoja na kuzinduka mahali pamoja.

MAELEZO YA FUNDI

Nilishuka Soni, na wakati nikingoja pikipiki niliingia katika kibanda cha fundi simu. Nilimweleza taabu yangu, nikidhani kwamba ataniuzia kitu. Hakuniuzia.

Alinieleza kwamba mawimbi ya mnara hufanana na mwanga wa taa: mlima ukisimama katikati, nyuma yake huwa kivuli. Mawimbi ya masafa ya chini, kama megahezi 700 au 900, hufika mbali zaidi, hupinda kidogo kwenye vilele na hupenya kuta vizuri kuliko yale ya megahezi 2,100 au 2,600. Kwa sababu hiyo, mahali pengi simu ndogo ya tochi huendelea kuzungumza ilhali simujanja inahangaika kutafuta mtandao wenye kasi. Na simu inayohangaika huongeza nguvu zake, ndiyo maana katika mabonde chaji huisha upesi.

"Usinunue kabla hujapima," alinishauri, akanionyesha mahali katika simu yangu, kwenye maelezo ya hali ya laini, ambapo nguvu ya mawimbi huandikwa kwa desibeli. Namba hiyo hutanguliwa na alama ya kutoa, na kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yanavyokuwa na nguvu.

SANDUKU LA BATI

Shangazi alinipokea kwa machozi na kwa chai. Baada ya kumkabidhi dawa, nilianza kupima. Uwanjani, penye mgomba, simu yangu ilionyesha 98. Ndani ya nyumba, chini ya mabati na kati ya kuta nene za matofali, ilionyesha 118. Msomaji asidhani kwamba tofauti hiyo ya 20 ni ndogo. Kila desibeli 10 ni mara kumi. Kwa hiyo ndani ya nyumba mawimbi yalikuwa sehemu moja ya mia ya yale ya nje.

Nikamwuliza shangazi huwa anaiweka wapi simu yake. Alinipeleka chumbani, akafungua sanduku la bati, akafunua kanga mbili. "Humu, mwanangu, isije ikaibiwa." Hapo nilielewa kwa nini hakupatikana. Bati hufungia mawimbi nje, na simu ile ya tochi, nzima kabisa, ilikuwa imezikwa hai.

Jioni tulipanda pamoja hadi kwenye kilima ambako wanakijiji huenda kupiga simu. Tulikuta watu sita wamesimama, kila mmoja akizungumza na mji wake. Nilizungumza na mama watoto kwa dakika ishirini kwa simu yangu yenye ufa, na haikukata hata mara moja.

UAMUZI WETU

Niliporejea Dar es Salaam tulikamilisha vipimo. Tulibadilishana laini, mimi na mama watoto. Chumbani mwetu, kati ya maghorofa mawili yaliyojengwa karibuni, simu zote mbili zilishindwa; barazani zote mbili zilishika. Na saa ambazo shangazi alikuwa akipanda kilimani kunipigia ndizo saa nilizokuwa nimejilaza chumbani.

Basi ndugu msomaji, kabla hujatoa akiba yako, simama mahali pale pale na mtu mwenye laini ya mtandao wako. Zikishindwa zote mbili, kosa ni la mahali. Yake ikishika na yako ikakataa, vua kasha, jaribu laini yako katika simu nyingine, na kadi iliyochakaa ibadilishe. Ikiwa simu bado inakataa, hapo kweli mgonjwa ni simu. Utakaponunua, hakikisha kwamba inapokea masafa ya mtandao wako, hasa iliyoletwa kutoka ng'ambo, na bonyeza *#06# ulinganishe namba yake na iliyo kwenye boksi. Tusisahau kwamba mwezi Juni mwaka 2016 simu bandia zilizimwa nchini kote, na waliozinunua walibaki na vipande vya plastiki.

Sisi hatukununua. Ada imelipwa. Simu yangu hulala barazani, dirishani. Ya shangazi imetoka sandukuni. Imetundikwa dirishani katika kifuko alichokishona mwenyewe, na kila Jumatano na Jumamosi saa kumi na moja jioni mjukuu wake humpeleka kilimani.

Lakini miguu ya mzee haitapanda kilima milele. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2006, huzipa kampuni ruzuku zijenge minara mahali pasipo na faida, na mwaka 2023 ilitiwa saini mikataba ya minara 758. Wanakijiji wale wameandika maombi kupitia serikali yao ya kijiji, na shangazi ametia dole gumba. Kivuli cha mlima hakiondolewi na simu ya mtu mmoja, hata ingekuwa ya dhahabu. Huondolewa na mnara, na mnara huombwa na wengi.